Watumishi wa Serikali na Malipo Yao Nchi Ibadilipo Mtawala

Mtu akirithi nyumba ya baba yake hupewa ufunguo, naye hufurahi. Kisha huja mzee mlangoni, akasema: "Mimi nalikuwa mchungaji wa baba yako miaka kumi na mitano. Mapatano yetu yalikuwa nichunge hata nichoke. Sasa nasikia kwamba ng'ombe utawachunga mwenyewe pamoja na wanao. Ni haki yako, nami sikatai. Lakini je, haki yangu iko wapi?" Hapo ndipo mrithi atambuapo kwamba hakurithi nyumba tu, bali amerithi na ahadi za marehemu.

Jambo hili, lililo dogo katika nyumba ya mtu mmoja, lilikuwa kubwa katika nchi nyingi zilizotoka katika utawala wa Waingereza. Wasomaji wote waijua siku ya tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Tanganyika ilipopandishwa. Lakini hesabu zilizofanywa mezani kabla ya siku ile na baada yake, wachache tu wazijua. Walikuwako Mabwana Shauri, waganga, mainjinia, maofisa wa polisi, mabwana shamba na waalimu wakuu, waliotoka Ulaya wakiwa vijana na kutumaini kufanya kazi mpaka umri wa miaka 55. Kazi hiyo sasa ilikuwa inakatika katikati. Nani awalipe: nchi iliyowatuma, au nchi waliyoifanyia kazi? Swali hili lilileta shida nyingi, hata ugomvi, na yafaa tulijue vizuri, maana ndani yake mna mafunzo yatufaayo sisi wenyewe.

PENSHENI NA FIDIA

Kwanza yatupasa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Jambo la kwanza ni pensheni. Pensheni ni malipo apewayo mtumishi kila mwezi akiisha kustaafu, kwa hesabu ya miaka aliyofanya kazi. Nayo si sadaka. Ni sehemu ya ujira wake iliyowekwa mpaka uzeeni, na kwa ajili ya tumaini hilo mtu alikubali kazi. Kwa desturi ya utumishi ule mtu aliweza kuiacha robo ya pensheni yake, akapewa badala yake fedha nyingi kwa mara moja, ndicho kiinua mgongo.

Jambo la pili ni fidia. Fidia haikuwa malipo ya miaka iliyopita, ilikuwa malipo ya miaka ambayo haitakuja. Mtu aliyetumaini kuwa siku moja atapanda mpaka cheo cha juu, naye akaambiwa kwamba njia yake imekatika kwa sababu nchi imepata mtawala mpya, alilipwa kwa hasara hiyo.

Fidia ilihesabiwaje? Serikali ilitengeneza jedwali lenye umri wa mtu na miaka ya kazi yake. Katika jedwali hilo ilitafutwa tarakimu, kisha mshahara wake wa mwaka ukazidishwa kwa tarakimu hiyo. Tuchukue mfano wa watu watatu. Wa kwanza ni kijana wa miaka 27, aliyeingia kazini juzi tu. Huyu hupewa kidogo, maana aweza kurudi kwao na kuanza kazi nyingine bila taabu. Wa tatu ni mzee wa miaka 54. Huyu naye hupewa kidogo, kwa kuwa alibakiza mwaka mmoja tu kustaafu kwa kawaida. Lakini yule wa pili, mtu wa miaka 40 au 41, ndiye apewaye fungu kubwa kuliko wote. Amepita umri wa kuanza upya, watoto wake wako shuleni, na miaka ya kazi iliyombakia ilikuwa bado mingi.

Hesabu hiyo ni ya haki ukiitazama kwa upande wa mtumishi. Lakini ukiitazama kwa upande wa nchi changa utaona mtego ndani yake. Mtu wa miaka 40 ndiye aijuaye kazi kuliko wote. Ndiye mwenye nguvu bado, ajuaye lugha, ajuaye wilaya, na awezaye kumfundisha mwananchi atakayekalia kiti chake. Na jedwali lilimwambia: "Ukienda sasa, utapata fungu lako kubwa, ukikawia, litapungua mwaka kwa mwaka." Basi, fedha zilizowekwa ili kumtuliza mtumishi ziligeuka kuwa sauti ya kumwita kwao, hasa yule aliyehitajiwa sana.

MIFANO YA KWANZA: IRELAND NA INDIA

Tanganyika haikuwa ya kwanza kupatwa na shida hii. Tarehe 6 Desemba 1921 wajumbe wa Ireland walitia sahihi mkataba na Waingereza, na nchi yao ikapata kujitawala. Kifungu cha 10 cha mkataba huo kilisema juu ya watumishi. Serikali mpya ya Ireland ilikubali kuwapa malipo ya haki mahakimu, maofisa, polisi na watumishi wengine watakaoondolewa kazini, au watakaoacha kazi kwa sababu ya mabadiliko ya Serikali. Lakini kulikuwa na watu walioachwa nje ya ahadi hiyo. Nao ni polisi wa msaada, pamoja na wale walioandikwa Uingereza katika miaka miwili iliyotangulia, wakati wa vita kati ya Waireland na Waingereza. Mzigo wa hao Uingereza iliuchukua yenyewe. Maana yake ni wazi. Ireland ilikuwa tayari kumlipa mtumishi wa zamani hata kama alimtumikia mtawala mgeni, lakini haikuwa tayari kumlipa mtu aliyeletwa makusudi kuipiga. Hata hivyo maneno hayakuisha. Watumishi wengine walibishana na Serikali mpya juu ya hesabu zao, na mashtaka yakafika mpaka baraza la rufani la Mfalme huko London, nao wakashinda mwaka 1927.

Mfano wa pili ni India, ambayo wazee wetu waliiita Bara Hindi. Nchi ile ilipopata uhuru mwezi Agosti 1947, utumishi wake wa juu ulikuwa na maofisa 980 tu, kwa nchi yenye mamia ya milioni ya watu. Kati yao Wazungu walikuwa 468, na karibu wote waliosalia walikuwa watu wa India wenyewe. Waziri wa Mambo ya Ndani wa huko, Vallabhbhai Patel, alipoulizwa juu ya fidia, yeye na wenzake walikuwa na neno lao. Atakaye kubaki na abaki kwa mshahara wake na heshima yake. Pensheni ya miaka aliyofanya kazi tutalipa. Lakini kwa nini India imlipe mtu kwa sababu tu hapendi kuwatumikia Wahindi? Mwisho, tarehe 30 Aprili 1947, Waziri Mkuu wa Uingereza, Clement Attlee, alitangaza kwamba fidia ya maofisa wa Kizungu italipwa na Uingereza. Maofisa wa Kihindi kwa kawaida hawakupewa fidia, maana walikuwa wakiendelea kuitumikia nchi yao.

Na kwa habari ya pensheni, India ilifanya jambo la busara. Wakati wa vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa imechukua mali na huduma nyingi kwa India kwa mkopo, na deni hilo likawa akiba ya India huko London. Mwaka 1948 India ilitoa katika akiba hiyo zaidi ya paundi milioni 160, ikaipa Uingereza kwa mara moja, ili pensheni za maofisa wa zamani zilipwe kwa fedha hizo mwaka hata mwaka. Hivyo India ilijitua mzigo wake mapema, na mzee aliyestaafu hakuwa na haja ya kuangalia hali ya siasa huko Delhi kila mwisho wa mwezi.

SUDAN, GHANA, MALAYA NA NIGERIA

Baada ya India, mwendo wa Uingereza ulibadilika. Katika Sudan, iliyopata uhuru tarehe 1 Januari 1956, na Ghana tarehe 6 Machi 1957, na Malaya tarehe 31 Agosti mwaka ule ule, fidia ililipwa na fedha za nchi zenyewe. Serikali ya Uingereza ilisema kwamba maofisa hao walikuwa watumishi wa serikali za nchi hizo, walilipwa mishahara kwa kodi za huko, na kwa hiyo mrithi wa serikali hiyo ndiye mwenye deni. Kwa sheria neno hilo lilikuwa kweli. Bwana Shauri wa Dodoma au wa Kumasi hakulipwa kwa fedha za London. Alilipwa kwa kodi ya kichwa, na kwa ushuru wa pamba, kahawa na kakao.

Katika Nigeria ule mtego nilioutaja ulionekana wazi. Majimbo ya Mashariki na Magharibi yalipata madaraka ya ndani mwezi Agosti 1957, na maofisa wengi wakaanza kufunga mizigo. Mwaka 1956 Uingereza ilikuwa imeanzisha orodha maalumu, ambayo afisa akiandikwa ndani yake huwa chini ya ulinzi wa London hata akiitumikia Nigeria. Walioandikwa walikuwa wachache. Mwaka 1958 ikaanzishwa orodha ya pili. Hiyo ilimruhusu afisa kupewa sehemu kubwa ya fidia yake mapema na kuendelea na kazi, wala fungu lake halikupungua kwa kukawia. Kwa maneno mengine, walitambua kwamba ukimwambia mtu fedha zake ziko kituoni, atakwenda kituoni. Bali ukimpa fedha zake nyumbani, huenda akabaki.

TANGANYIKA

Sasa tuje kwetu. Ili kufahamu uchungu wa jambo hili hapa, yatupasa kukumbuka mishahara ilivyokuwa. Baada ya ripoti ya Tume ya Holmes, mwaka 1948, katika Afrika ya Mashariki ilifuatwa kanuni kwamba mtu asiye Mzungu, hata akiwa na elimu sawa na cheo sawa, alipwe sehemu tatu katika sehemu tano za mshahara wa Mzungu. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury iliishauri Serikali kuiacha kanuni hiyo. Mshahara wa msingi ukawa mmoja kwa kazi moja, na mtu wa ng'ambo akaongezewa posho ya kumvuta aje. Mwaka ule ule 1954 Serikali ya Uingereza iliwakusanya maofisa wa makoloni katika utumishi mmoja, uliopewa jina la Utumishi wa Ng'ambo wa Malkia. Iliwaahidi kwamba nchi zitakapojitawala, pensheni zao zitalindwa kwa mapatano rasmi, na wale watakaopoteza kazi watapata fidia.

Chama cha TANU kilishinda katika uchaguzi wa mwezi Agosti 1960, na Mwalimu Julius Nyerere akawa Waziri Kiongozi. Yeye hakutaka maofisa waondoke wote kwa ghafula, na sababu yake ilionekana katika hesabu. Mwaka 1961 vyeo vya juu na vya kati katika Serikali vilikuwa na watu 4,400 na zaidi. Kati yao wananchi walikuwa kama 1,170 tu, yaani robo moja hivi. Waafrika waliokuwa waganga wenye shahada, mainjinia na mawakili walihesabika kwa vidole. Kama wageni wote wangaliondoka kwa mwezi mmoja, hospitali zingalifungwa, na barabara zisingalitengenezwa.

Lakini nchi maskini ingewezaje kulipa mishahara ya wageni, na posho zao, na nauli zao za meli, na fidia zao, yote pamoja? Nigeria na Ghana zilikuwa na mali kuliko Tanganyika. Mwishoni mwa mwaka 1960 Uingereza ilitoa shauri jipya, lililoanza kufuatwa mwezi Aprili 1961. Kwa shauri hilo posho ya mtu wa ng'ambo ililipwa na Uingereza, na gharama ya fidia iligawanywa nusu kwa nusu, Uingereza nusu na serikali ya nchi nusu. Huo ulikuwa msaada mkubwa, na ni haki kuutaja. Ila nusu ya nchi ilibaki kuwa nusu ya nchi. Tena, katika Afrika ya Mashariki serikali mpya zilipokosa fedha za kulipa nusu hiyo na viinua mgongo, zilikopeshwa na Uingereza yenyewe. Fikirini, wasomaji: nchi ilianza maisha yake kwa kukopa fedha, si za kujenga shule wala kisima, bali za kuwalipa watu kwa sababu wanakwenda zao. Tena fedha hizo zilitoka Uingereza, zikaandikwa kuwa deni la Tanganyika, kisha zikarudi Uingereza pamoja na wenyewe.

Hata hivyo tusiwadharau waliolipwa. Wako waliokuwa wamekaa katika wilaya zetu miaka ishirini, wakijua lugha zetu na njia zetu za miguu. Wako waliokataa kushika fungu lao na kwenda, wakabaki miaka kadhaa chini ya mawaziri Waafrika, wakiwafundisha wale waliokuja kuvikalia viti vyao. Wengine hawakupenda kuamriwa na mtu ambaye jana alikuwa karani wao, wakaenda mara moja. Jedwali la fidia halikuuliza habari ya moyo wa mtu. Liliuliza umri, mshahara na miaka ya kazi.

Mwezi Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu ili akijenge chama, na Rashidi Kawawa akashika mahali pake. Kazi ya kuwapandisha wananchi ilizidi mbio. Mpaka mwaka 1964 wananchi katika vyeo vile walikuwa wamefika 3,000 na zaidi, yaani wamepita nusu. Viti vilijazwa upesi kuliko wengi walivyodhani. Lakini deni la viti lilikuwa bado.

UGOMVI WA MWAKA 1968

Nchi kadha wa kadha zilipopata uhuru zilitia sahihi mapatano na Uingereza juu ya maofisa, zikiahidi kuendelea kulipa pensheni zao. Tanganyika nayo ilifanya hivyo. Lakini miaka ilivyopita watu waliuliza: kila mwaka fedha za wakulima wetu zinavuka bahari kwenda kwa wazee walioko Uingereza, nayo malipo hayo yataendelea mpaka wazee wale wafe. Je, ni deni letu?

Mwaka 1968 Serikali ya Tanzania ilijibu kwamba si deni lake. Ilisema kwamba haitalipa tena pensheni za maofisa wa Kiingereza kwa miaka waliyofanya kazi kabla ya uhuru. Hoja yake ilikuwa hii: kabla ya uhuru maofisa hao waliajiriwa na wakoloni kwa kazi ya wakoloni. Wananchi hawakuwachagua, hawakuulizwa mishahara yao, wala hawakuwa na uwezo wa kuwaondoa. Aliyewatuma ndiye aliyetumikiwa, naye awalipe. Uingereza ilijibu kwamba ahadi iliyotiwa sahihi ni ahadi, na kwamba Tanzania ilikubali mzigo huo kwa mkono wake yenyewe. Kwa ajili hiyo iliuondoa msaada wake kwa Tanzania, na wataalamu waliolipwa kwa msaada huo wakarudi kwao.

Tukipima hoja hizi mbili, kila moja ina uzito wake. Wahenga wetu walisema ahadi ni deni, wala hawakuongeza kwamba deni hufutika mwenye kuahidi akiona uzito. Kwa upande wa pili, ahadi iliyotolewa na mtu anayengojea ufunguo wa nyumba yake mwenyewe, huku mwenye ufunguo amesimama mbele yake, si sawa na ahadi ya watu wawili walio sawa sokoni.

Mwisho, Uingereza yenyewe iliona kwamba hoja ya Tanzania haikuwa ya upuuzi. Mwaka 1973 Bunge la London lilitunga sheria iliyoiwezesha Serikali ya Uingereza kuchukua mzigo wa pensheni za maofisa wake wa zamani kutoka kwa serikali za nchi zilizokuwa makoloni. Hivyo jambo ambalo mwaka 1968 liliitwa kuvunja ahadi, miaka mitano baadaye likawa njia ya kawaida. Na Hong Kong ilipokaribia kurudishwa kwa China mwaka 1997, Bunge hilo hilo lilitunga sheria ya mwaka 1996 kwa ajili ya fidia ya maofisa wake waliokuwa huko, kabla bendera haijashushwa.

NA WATUMISHI WENGINE JE?

Hatuwezi kuimaliza habari hii bila kuwataja wale ambao hawakuwa na jedwali. Nchi yetu ilibadili mtawala mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa katika vita ya mwaka 1914 mpaka 1918, Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, waliposhindwa. Askari wao Waafrika walipigana miaka minne, na wengi walibaki wakidai mishahara. Mtawala mpya hakuwa na deni kwao, na mtawala wa zamani alikuwa amefukuzwa. Ilikuwa mwaka 1964, miaka karibu hamsini baadaye, ndipo Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilipokubali kuwalipa waliokuwa hai bado. Husimuliwa kwamba wazee wengi walifika bila hati yo yote, basi wakapewa ufagio uwe kama bunduki, wakaamriwa kwa Kijerumani wafanye kwata. Miili yao ndiyo iliyokuwa hati.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 1961. Tarishi, dereva, mpishi wa nyumba ya wageni ya Serikali na karani wa boma hawakupewa fidia, kwa sababu, walisema wakubwa, nchi ni yao na kazi yao itaendelea. Kwa walio wengi ndivyo ilivyokuwa.

Lakini twajua pia habari ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Jumuiya hiyo haikuwa koloni, lakini ilikuwa mwajiri mkubwa, mwenye reli, bandari, posta na ndege za nchi tatu, nayo ilivunjika mwaka 1977. Watu wa reli na bandari waliamka asubuhi wakaona kwamba mwajiri wao hayupo tena. Msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alifanya kazi miaka mingi ya kugawanya mali na madeni, na mwaka 1984 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi mapatano huko Arusha, kila nchi ikubali kuwalipa watu wake pensheni na haki zao nyingine. Lakini hapa Tanzania zaidi ya miaka ishirini baada ya mapatano hayo wazee wale walikuwa bado wakidai, wakienda mahakamani na kukaa nje ya ofisi za Serikali, na wengi walikufa kabla ya kuona shilingi.

Basi linganisheni. Yule afisa wa miaka 41 alikuwa na jedwali lililochapwa, na chama cha kumsemea, na serikali yenye nguvu nyuma yake. Alilipwa kwa tarehe. Askari wa Wajerumani alikuwa na ufagio tu mkononi. Mzee wa reli alikuwa na mapatano mazuri yaliyotiwa sahihi na serikali tatu, lakini hakuna aliyezitenga fedha zake kabla ya nyumba kuvunjika.

TUJIFUNZE NINI?

Nionavyo mimi, jambo la kwanza ni hili: kazi ya mtu ikiisha kufanywa, malipo yake hayapaswi kupotea kati ya mabwana wawili, huyu akisema "mdai yule," na yule akisema "mdai huyu." Waingereza wawili wabishane, au Mwingereza na Mwafrika, au Waafrika watatu, mwenye njaa ni mmoja tu.

La pili, anayepaswa kulipa ni yule aliyefaidiwa na kazi, wala si yule aliyekuwa karibu siku ya hesabu. Kwa hiyo nakubali kwamba nchi changa zilibebeshwa mzigo usio wao wote. Lakini nakubali pia kwamba daktari aliyemtibu mama mzazi wa Songea mwaka 1958 hakuwatumikia wakoloni peke yao.

La tatu, na kwetu ndilo kubwa, ahadi bila akiba ni maneno. India ilitenga fedha mapema, na ugomvi ukaisha. Wengine waliacha jambo likae juu ya karatasi, likawa uadui kati ya mataifa au machozi ya wazee. Hata katika mambo yetu madogo ni vivyo hivyo. Chama cha ushirika kikiunganishwa na kingine, shule ikipata mwenye kuiendesha mpya, au duka la ukoo likigawanywa, watu huhesabu mabati na mizani na ng'ombe. Tuanze kwa kuuliza: mlinzi wa usiku anadai nini, na mpishi anadai nini, na mwalimu anadai miezi mingapi? Wakiisha kulipwa hao, ndipo tugawane mabati.